Tuzo ya Profesa Haijakamilika Mpaka Aulizwe Swali

Mwanzoni mwa Aprili 2025, wahadhiri, wakutubi na wahifadhi wa makumbusho kote Marekani walianza kupokea barua pepe za kuwaarifu kwamba ruzuku walizopewa na Mfuko wa Taifa wa Insia, mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia fani kama historia, lugha na falsafa, na unaojulikana kwa kifupi kama NEH, zimefutwa. Ruzuku zaidi ya 1,400 zilikwenda na maji kwa muda mfupi. Zilikuwa fedha zilizokwisha kuidhinishwa, nyingine zikiwa katikati ya matumizi: kitabu kimefika sura ya nne, maonyesho yameshatangaziwa tarehe, mzungumzaji ameshakatiwa tiketi. Habari hiyo ilienea haraka, na karibu kila aliyeisimulia aliisimulia kwa namna moja. Waliokasirika walisema maprofesa wamenyang'anywa utafiti wao. Waliofurahi walisema maprofesa wameachishwa ziwa la serikali. Pande hizo mbili, ambazo haziafikiani kwa mengi, ziliafikiana hapo: kwamba fedha zile zilikuwa za maprofesa.

Naona pande zote mbili zilikosea. Profesa mwenye ajira ya kudumu aliumia, ndiyo, lakini mshahara wake uliendelea kuingia. Aliyepoteza zaidi ni mtu ambaye jina lake halimo katika barua yoyote: yule ambaye angefika jioni katika ukumbi wa ndaki au wa maktaba ya mji, akakaa kiti cha nyuma, akasikiliza, kisha akanyoosha mkono. Hoja yangu ni kwamba mafanikio ya mwanazuoni wa insia na mkusanyiko wa hadhara ni kazi moja yenye nusu mbili. Tuzo ni ushahidi kwamba wenzake wameikagua kazi wakaiona ina uzito. Mhadhara wa hadhara ni pale kazi hiyohiyo inapokaguliwa na watu wasio na sababu yoyote ya kumstahi. Na kuna sehemu ya hoja hii ambayo ni chungu kwa sisi tunaozipenda ndaki za sanaa huria: ndaki zenyewe zilikwisha kuitenga nusu ya pili miaka mingi kabla ya barua za Aprili. Zilijifunza kuhesabu tuzo zikaacha kuujali ukumbi, na mkataji wa bajeti alipofika alikuta kazi yake imeshaanzwa na wenyeji.

Kwa msomaji ambaye mfumo huu haujui kwa karibu, ndaki ya sanaa huria ni ile sehemu ya chuo kikuu inayobeba lugha, historia, falsafa, fasihi, muziki, tamthilia, na mara nyingi sayansi za jamii pia. Haitoi wahandisi wala madaktari. Kwa hiyo kila mwaka hulazimika kujieleza, na njia iliyoizoea ni taarifa yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni mafanikio ya wahadhiri: huyu amepata ufadhili wa Guggenheim, ambao umekuwa ukitolewa tangu 1925, yule amechaguliwa na taasisi ya MacArthur, ambayo huwa haipokei maombi bali humpigia mtu simu ghafla na kumpa dola 800,000 kwa miaka mitano, atumie apendavyo, mwingine kitabu chake kimeshinda tuzo ya chama cha taaluma yake. Safu ya pili ni ratiba: usomaji wa mashairi Jumatano jioni, mhadhara wa profesa mpya aliyekalia kigoda, yaani nafasi ya uprofesa inayodhaminiwa na mfadhili, mdahalo kabla ya uchaguzi, onyesho la wanafunzi, kiingilio bure. Safu ya kwanza hupewa picha kubwa na hupelekwa kwa wafadhili. Ya pili hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na ikishapita tarehe hubanduliwa. Hakuna anayeiandikia historia.

Sheria iliyoanzisha NEH haikukusudia utengano huo. Ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Septemba 1965, na baada ya muda mfuko huo ukawa na mikono miwili. Mkono mmoja huwapa watafiti binafsi nafasi ya kuandika: ufadhili wa kawaida umekuwa dola 5,000 kwa mwezi, usiozidi mwaka mmoja. Mkono mwingine hupitisha fedha kwa mabaraza ya insia ya majimbo na maeneo, 56 kwa jumla, ambayo huzigawa vipande vidogovidogo hadi vijijini: nauli ya mhadhiri wa kwenda kuzungumza kwenye maktaba, gharama ya kukodi ukumbi, mjadala wa kitabu gerezani, maonyesho ya picha za zamani katika shule. Takriban asilimia 40 ya fedha za miradi zimekuwa zikipita njia hiyo. Bajeti nzima ya mfuko kabla ya mkato ilikuwa kama dola milioni 207, na ukiigawanya kwa wakazi wa nchi ile unapata kama senti sitini kwa kila mmoja kwa mwaka. Aprili ile, mabaraza nayo yalikatiwa fedha. Chuo kikuu tajiri kinaweza kumfidia mtafiti wake. Baraza dogo la jimbo, lenye wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole, halina pa kukimbilia.

Kesi zilifunguliwa, nyingine na vyama vya wanazuoni, nyingine na mabaraza yenyewe. Sitazama katika mambo ya mahakama, kwa sababu hata hukumu ikiwa nzuri kiasi gani haitarudisha jioni zilizokwisha kupotea, na kwa sababu suala ninalolitazama ni la zamani kuliko utawala wowote uliopo.

Adam Gifford alikuwa jaji wa Scotland. Alipofariki mwaka 1887 aliacha pauni 80,000 kwa vyuo vikuu vinne vya nchi yake ili viandae mihadhara kuhusu teolojia ya asili, yaani kumjua Mungu kwa njia ya akili na maumbile. Angeweza kuishia hapo, lakini wosia wake uliweka sharti: mihadhara iwe ya hadhara na ya watu wote, iwe wazi si kwa wanafunzi tu bali kwa jamii nzima bila kusajiliwa, kwa kuwa aliamini somo lile lapaswa kujulikana na kila mtu, awe amepitia chuo au hajapitia. Mihadhara hiyo ilianza 1888 na mpaka leo mwanazuoni akialikwa kuitoa huihesabu miongoni mwa heshima kubwa kabisa za maisha yake. Tazama jinsi Gifford alivyoifunga kamba. Heshima yenyewe ndiyo mhadhara, na huwezi kuichukua ukaenda nayo nyumbani. Mwanafalsafa wa Marekani William James aliposimama Edinburgh mwaka 1901 na 1902 alizungumza mbele ya wakazi wa mji, na kitabu kilichotokana na jioni zile kingali kinasomwa.

Kamba hiyohiyo iko katika Tuzo ya Nobel, ingawa wengi hatuioni. Mshindi hutakiwa kutoa mhadhara ndani ya miezi sita tangu Desemba 10, siku ya kukabidhiwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu, aliposhinda mwaka 2021 alitoa wake mapema Desemba hiyohiyo. Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani na mshindi wa 2016, alichelewa mno hata ikabaki siku chache tu kabla ya muda kwisha, ndipo akawasilisha mhadhara wake Juni 2017. Asingeuwasilisha, zawadi ya kronor milioni nane za Sweden ingempita. Watu walilichukulia jambo lile kama utaratibu wa kikarani. Mimi nalichukulia kama kumbukumbu ya makubaliano ya kale: tumekupa heshima, sasa simama useme mbele za watu.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Collège de France, iliyoanzishwa mwaka 1530, haina mitihani wala haitoi shahada. Anayetaka kusikiliza huingia akakaa, bila ada na bila kujiandikisha, na profesa anawajibika kufundisha utafiti anaoufanya sasa, si maarifa aliyoyapika mwaka juzi. Yaani yule mwanazuoni aliyekwisha kufika kileleni ndiye anayelazimika kufungua mlango kwa mpita njia.

Sasa linganisha na fomu ya kupandishwa cheo katika ndaki nyingi za leo. Kamati hutazama machapisho, ruzuku, barua za wahakiki wa nje, tathmini za wanafunzi. Mihadhara ya hadhara huingia sehemu ya mwisho, chini ya kichwa cha huduma kwa jamii, pamoja na kuhudhuria vikao vya idara. Mhadhiri kijana anayesubiri uamuzi wa ajira ya kudumu huambiwa na wakubwa wake, kwa nia njema kabisa, aachane na mialiko ya maktaba mpaka apite. Akishapita, miaka sita au saba baadaye, ameshazoea kuandika kwa ajili ya watu mia mbili duniani wanaojua istilahi zake. Simlaumu. Alifuata njia aliyochorewa. Lakini hii ndiyo hesabu iliyomsaidia mkataji: kama wewe mwenyewe umeandika katika fomu zako kwamba mkutano na umma ni huduma ya pembeni, utamlaumuje mtu wa bajeti akiutendea kama kitu cha pembeni?

Nitasimulia jambo moja nililoliona kwa macho. Ilikuwa jioni ya baridi katika mji mdogo huko Marekani, chini ya maktaba ya umma, chumba chenye harufu ya mazulia yaliyoloa theluji ya viatu. Mhadhiri wa historia, ambaye kitabu chake kuhusu upimaji wa ardhi katika karne ya 19 kilikuwa kimetoka kushinda tuzo, alikuwa akionyesha ramani za mashamba ukutani. Tulikuwa watu thelathini hivi. Alipomaliza, mzee mmoja ambaye hakuwa amevua koti lake alinyoosha mkono akasema kwamba kijito kwenye ramani ya tatu kimechorwa upande usio wake, na kwamba babu yake alikuwa akisimulia jinsi kilivyohamishwa. Akauliza: kilihamishwa na nani, na kwa ruhusa ya nani? Profesa alinyamaza. Akairudisha picha, akasogea ukutani, akaufuata mstari wa kijito kwa kidole mpaka kivuli cha mkono wake kikafunika nusu ya ramani. Kisha akasema, "Sijui. Nilidhani ni kosa la mchoraji." Akageuza karatasi za mhadhara wake, akaliandika swali nyuma, akamwendea mzee kumwomba namba ya simu.

Jopo lililompa tuzo lilikuwa la wasomi mahiri, na sina shaka walikisoma kitabu kwa makini. Hawakuliuliza swali lile kwa kuwa hakuna aliyekulia kando ya kijito. Insia zina upekee huu unaozitofautisha na fani nyingine: malighafi yake ni maisha ya watu, na watu wenyewe, au wajukuu wao, bado wapo na wanaweza kuja kukusahihisha. Mtaalamu wa fizikia haendi kwa umma kuuliza kama elektroni zake ziko sawa. Mwanahistoria, mwanaisimu, mwanafasihi, mwanaanthropolojia wana haja ya kwenda, na anayeliepuka hilo anaacha sehemu ya utafiti wake bila kufanywa. Ndiyo maana siukubali usemi kwamba mhadhara wa hadhara ni kuwarahisishia watu maarifa yaliyokwisha kukamilika. Mara nyingi ndipo maarifa yanapogundua kwamba hayajakamilika.

Hoja za upande wa pili zipo, na baadhi yake ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka ndani ya ndaki zenyewe. Inasema kwamba fikra ngumu zinahitaji muda na upweke, na kwamba mwanazuoni anayekimbizana na majukwaa hatimaye hukosa cha kusema jukwaani. Ni kweli. Tumewaona wasomi ambao kitabu chao cha kwanza kilikuwa kizito, na kumi vilivyofuata vikawa mwangwi wa mahojiano yao. Jibu langu si kukana hatari hiyo bali kuangalia kipimo. Hakuna anayeomba profesa ahadhiri kila wiki. Gifford aliomba mfululizo mmoja, Nobel huomba mara moja. Kazi ya miaka mitano kuhitimishwa kwa jioni tatu au nne mbele ya watu haiwezi kuitwa usumbufu.

Hoja ya pili ni ya siasa, na haifai kupuuzwa kwa kuwa walipa kodi wengi wanaiamini kwa dhati: kwamba kumbi za ndaki hizi zimekuwa mahali pa mrengo mmoja kuhubiriana, na si haki mtu kulipia mahubiri asiyoyakubali. Malalamiko haya hayakuanza juzi. Mwaka 1986 Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyefundisha Makerere kisha Chuo Kikuu cha Michigan, alitoa mfululizo wa televisheni wa sehemu tisa kuhusu Afrika. NEH ilikuwa imeuchangia dola 600,000. Mwenyekiti wa mfuko wakati huo, Lynne Cheney, aliuona unaegemea upande mmoja dhidi ya Magharibi, akataka jina la NEH liondolewe kwenye orodha ya wadhamini. Likaondolewa. Lakini mfululizo ulionyeshwa, watazamaji wakautazama, wakaukubali au wakaupinga, na Mazrui akajibu hoja kwa hoja kama alivyozoea tangu enzi za malumbano yake na Walter Rodney pale Makerere mwaka 1970, alipokabiliana jukwaani na msomi aliyetofautiana naye karibu kwa kila kitu. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa ya nyakati. Mwaka 1986 mfuko ulikataa kuhusishwa na kauli, kauli ikabaki. Mwaka 2025 kauli nyingi zilifutwa kabla hazijatamkwa, na bila mtu yeyote kuzisikia akazipinga.

Hata hivyo lipo tunalopaswa kulikubali. Ratiba za baadhi ya ndaki kweli zina sauti ya namna moja, na mdahalo ambao wazungumzaji wote wanne wanakubaliana ni mkutano wa kupongezana. Dawa ya hilo ni kuwaalika kina Mazrui na kina Rodney wa leo wakae meza moja. Kuzima taa za ukumbi hakuponyi upendeleo; kunauhamishia kwenye vyumba ambavyo hakuna mgeni anayeingia.

Hoja ya tatu inasema wafadhili binafsi watajaza pengo. Tuitazame kwa tarakimu. Mfuko wa Mellon ulijitokeza mwishoni mwa Aprili 2025 kwa dola milioni 15 za dharura kwa mabaraza yote 56. Lilikuwa jambo la kushukuriwa, na kuna mabaraza ambayo huenda yangefunga bila hilo. Lakini hizo ni wastani wa chini ya dola laki tatu kwa kila baraza, mara moja. Isitoshe, mfadhili binafsi ana haki ya kuchagua anachokipenda, na kwa kawaida hupenda kigoda chenye jina lake katika chuo chenye jina. Sijaona foleni ya wanaotaka kudhamini nauli ya mhadhiri wa kwenda kwenye maktaba ya mji wa watu elfu tatu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba intaneti imemaliza haja ya ukumbi. Mihadhara yote imo humo, husemwa, mtu ataisikiliza kitandani kwake, ya nini kuwasha taa na kupanga viti? Mwenye hoja hii anadhani mhadhara ni mzigo wa maneno unaosafirishwa kutoka kichwa kimoja kwenda vingine, na kwamba njia bora ni ile ya gharama ndogo. Kama ingekuwa hivyo, vitabu vilivyochapwa vingekwisha kuua mihadhara karne tano zilizopita. Collège de France yenyewe huweka rekodi zake kwenye intaneti bila malipo, na milango yake haikufungwa, kwa kuwa inajua vitu hivyo viwili ni tofauti. Rekodi ni hazina. Mwandishi wa Argentina Jorge Luis Borges, akiwa karibu kipofu, alihadhiri Harvard kati ya 1967 na 1968 bila kusoma popote, na kwa kuwa kanda zilihifadhiwa sisi tusiokuwapo tunaweza kuisikia sauti yake. Lakini yule mzee wa kijito asingeweza kuiambia kanda kwamba mto umechorwa pabaya. Angelisema hilo kwa mkewe jikoni, likaishia hapo.

Lazima hapa niwe mwangalifu na hoja yangu mwenyewe, kwa sababu ukumbi uliojaa nao unaweza kudanganya. Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault alipokuwa akifundisha Collège de France katika miaka ya 1970, watu walifurika hadi kukaa chini, na meza yake ilijaa vinasa sauti vya wasikilizaji. Alilalamika kwamba katika msongamano ule hakuna mazungumzo yanayowezekana, kwamba anamaliza na kubaki peke yake. Mwaka 1976 alihamisha kipindi chake kutoka jioni hadi saa tatu asubuhi, akitumaini umati utapungua. Kwa hiyo nikisema ndaki ziache kuhesabu tuzo peke yake, sitaki zikimbilie kuhesabu vichwa. Waingereza wamejaribu njia inayofanana na hiyo. Katika tathmini yao ya utafiti ya mwaka 2014, asilimia 20 ya alama zilitolewa kwa athari ya utafiti nje ya chuo, na mwaka 2021 zikapanda hadi 25. Nia ilikuwa njema na baadhi ya idara zilibadilika kweli. Lakini pia walizuka watu ambao kazi yao ni kuandika simulizi za athari kwa lugha ya kumpendeza msahihishaji, na muda uliotengwa kwa umma ukaishia kwenye makaratasi kuhusu umma.

Kinachohitajika ni kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi, nacho kiko mikononi mwa ndaki zenyewe, serikali irudishe fedha au isirudishe. Ndaki inayotangaza tuzo ya mhadhiri itangaze papo hapo tarehe na mahali atakapoieleza kazi hiyo kwa yeyote atakayekuja, na mahali pasiwe daima ndani ya uzio wa chuo, kwani kwa mtu asiyesoma lango la chuo ni kizuizi hata likiwa wazi. Nusu ya muda iwe ya maswali, na mwenyekiti awe na ujasiri wa kumkatiza msomi mwenzake anayegeuza swali kuwa hotuba. Maswali yaandikwe. Katika fomu ya kupandishwa cheo, badala ya mstari mmoja chini ya huduma kwa jamii, mhadhiri aulizwe: ni swali gani uliloulizwa na mtu asiye wa taaluma yako, na umelifanyia nini? Jibu la aya mbili lingeiambia kamati mengi ambayo barua nne za wahakiki haziyasemi. Mwenye jibu la kweli hapungukiwi usomi, na asiyekuwa nalo atajua hatua inayofuata.

Kuna faida nyingine ambayo amidi yeyote, yaani mkuu wa ndaki, ataielewa. Mwaka 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia iliidhinisha kufutwa kwa programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri, na shahada karibu zote za lugha za kigeni zikaondoka. Wanafunzi waliandamana. Mijadala ya namna hiyo inaendelea sasa katika majimbo mengine, na katika kila mmoja huja saa ambapo mbunge wa jimbo au mjumbe wa bodi huuliza ndaki hii ina faida gani. Orodha ya tuzo haimjibu, kwa kuwa tuzo zimetolewa na wasomi kwa wasomi, na yeye ameshaamua kwamba wasomi wanapendeleana. Anachoweza kukisikia ni sauti ya mpiga kura wake: mwalimu mstaafu aliyekwenda kwenye mjadala wa kitabu, muuguzi aliyeuliza kuhusu lugha ya mama yake, mkulima aliyesahihisha ramani. Watu hao huwezi kuwatafuta wiki ya kura. Ama wamekuwa wakija miaka kumi, ama hawapo.

Msimu wa masomo unaokuja, ndaki nyingi zitapanga ratiba zao zikiwa na fedha kidogo kuliko kawaida. Jambo la kwanza kukatwa, kwa mazoea, litakuwa mihadhara, na taarifa za tuzo zitaendelea kutoka kwa kuwa hazigharimu kitu. Ningewaomba wanaoketi kwenye vikao hivyo waanze na gharama halisi ya jioni moja: chumba ambacho tayari wanacho, viti thelathini, kipaza sauti kimoja, mhadhiri ambaye mshahara wake umeshalipwa, na tangazo lililobandikwa mahali ambapo watu wa mji hupita.